Tuacheni tucheze rede, hata kama tuna wajukuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nimalizie maneno ambayo sikuwahi kuyamaliza kwenye mkutano wa mtaa wetu hapa Moshi. Ajenda ilikuwa kiwanja cha wazi kilicho nyuma ya nyumba zetu. Wengine wanataka kigawanywe vibanda vya biashara, wengine wanataka kiwe maegesho ya bajaji. Niliponyoosha mkono nikasema kile kiwanja kina wenyewe, yaani watoto kila siku na sisi kina mama kila Jumapili jioni, mjumbe mmoja alinijibu mbele ya mkutano mzima: "Mama, wewe una wajukuu. Rede ni ya watoto. Mtu mzima anayekimbizana na mpira wa soksi ni mtu mzima hovyo." Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti akaingia kwenye ajenda ya taka.

Siandiki ili kugombana na mjumbe yule. Ni jirani yangu na tunasaidiana kwenye misiba. Yeye amesema kwa sauti jambo ambalo wengi wanalifikiri kimya kimya. Mimi nafikiri kinyume chake, na nafikiri hivyo kwa moyo wote: mtu mzima anahitaji kucheza. Nasema kucheza hasa, kwa kukimbia, kukwepa, kubishana na kupiga kelele, na asidaiwe kwanza aeleze kuna faida gani.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kwenye kibaraza mjini, si mbali na Soko la Kati, na Januari shule zinapofunguliwa nashona sare mpaka usiku wa manane. Nilizaliwa na kukulia Uru, kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo lenye migomba na nyumba. Kule hatukuwahi kununuliwa kitu cha kuchezea. Mpira tuliufunga kwa majani makavu ya mgomba tukaukaza kwa kamba za mgomba huo huo. Masika yalipolainisha udongo mwekundu, tulibandua gamba la mgomba, tukalikalia wawili wawili na kuteleza nalo mteremkoni hadi karibu na mfongo, mfereji wa maji ya mashamba, na aliyechelewa kujizuia aliingia majini na sketi yake ya shule. Usiku wa mbalamwezi ilikuwa kombolela. Mmoja analinda kopo, wengine wamejificha migombani, na ukiwahi kulipiga teke lile kopo, wote waliokwisha kukamatwa wanakuwa huru. Mpaka leo sijaonja raha inayofanana na ile ya kuwakomboa wenzako kwa teke moja, ukawasikia wanavyotawanyika gizani wakipiga mayowe.

Halafu iliisha. Kwa msichana wa wakati ule iliisha mapema. Nilipofika darasa la tano nilikuwa nikishuka tambarare na mama kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo mlima kichwani, maana ng'ombe wetu hufungwa bandani na hula wanacholetewa. Kaka zangu waliendelea na chandimu. Mmoja wao hadi leo yumo kwenye timu ya maveterani, Jumamosi anavaa jezi, na kwake wanamfulia ile jezi bila neno. Mama yangu sikuwahi kumwona akicheza, isipokuwa ngoma za arusi na ubarikio. Nikawa mkubwa nikijua kwamba mwanamke akishaolewa huruhusiwa kurukaruka kwenye sendofu na kicheni pati, na hapo ni kwa sababu ametoa mchango.

Sasa nieleze rede ilivyorudi, maana wapo wanaodhani tulikaa tukapanga. Tuna kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, tunakutana Jumapili baada ya ibada. Wanaojua vikoba wanajua kwamba sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu. Siku hiyo mshika ufunguo mmoja alichelewa, na sanduku halifunguliwi bila yeye. Tukawa tumekaa kwenye mikeka yetu pembeni ya kiwanja, watoto wanacheza rede. Mpira ukatujia. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, mama mtaratibu ambaye huandika kumbukumbu za kikao kwa hati ya kupendeza, aliuokota. Watoto wakanyoosha mikono wakisubiri awarushie. Akauliza, "Nani anaingia kati?" Wakanyamaza. Akajifunga kanga kiunoni, akavua viatu, akaingia yeye.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, rede ni hivi. Wawili wanasimama pande mbili, wanarushiana mpira. Walio katikati wanakwepa, na huku wakikwepa wanatakiwa kujaza chupa mchanga kwa mikono. Ukipigwa na mpira umekufa, unatoka. Kila kijiji kina kanuni zake juu ya nini kifanyike chupa ikishajaa, na kina mama wa Rombo, wa Machame na wa Upare waliokulia sehemu mbalimbali wakikutana kiwanja kimoja, hapo kuna kazi ya kuelewana. Tulibishana sana juu ya kanga. Mpira ukigusa pindo la kanga bila kugusa mwili, umekufa au hujafa? Mwalimu mstaafu alisema umekufa, maana kanga umevaa wewe. Wengi tukampinga. Ikapita kwamba kanga haihesabiki, na kwa sababu hiyo kuna mwenzetu mmoja sasa hujifunga kanga pana kupita kiasi, nasi tunamwona.

Niliingia wa tatu. Nilikuwa na madeni siku hiyo, nilikuwa na kitambaa cha mteja nilichokuwa nakiwazia, nilikuwa na kijana wangu aliyekuwa hajaripoti chuo kwa sababu ya ada. Ukiwa katikati ya rede hayo yote hayana pa kukaa. Mpira uko mbele yako, umeinama unachota mchanga, unasikia watoto wanapiga kelele, unageuka na mpira umeshapita sikioni, na uliyemtazama ndiye sasa uliyempa mgongo. Hakuna nafasi ya kuwaza. Goti langu la kulia, ambalo hulalamika nikipanda ngazi tatu za kibarazani, lilipinda lenyewe na kunyooka lenyewe. Nikacheka kwa sauti ambayo nilikuwa sijaitoa tangu nikiwa na nguo ya shule, ile inayotoka tumboni na kukuishia pumzi. Mshika ufunguo alipofika alitukuta hatuna habari na sanduku.

Tangu hapo Jumapili tunafunga hesabu mapema. Mimi ndiye ninayetengeneza mipira, na niseme ukweli kwamba kazi hiyo nimeipenda kuliko nguo nyingi nilizolipwa. Kwenye kibaraza changu mabaki ya vitambaa hayakosekani: vitenge, kaki za sare, satini za mabibi arusi. Satini haifai, inateleza na mpira unalegea. Kaki ikiwa nyingi mpira unakuwa mgumu na unaumiza. Nimegundua kwamba ukianza na kiini cha kitenge kilichokunjwa vizuri, ukakizungushia vipande vya sweta kuukuu, halafu ukavalisha soksi mbili na kushona mdomo kwa uzi wa gunia, unapata mpira unaokwenda mbali na ukimpata mtu haumwachii alama. Watoto wa mtaa wanauita mpira wa bibi. Wakishapoteza wao wanakuja kugonga kwangu kuomba mwingine.

Hao watoto ndio waamuzi wetu, kwa sababu wanazijua kanuni kuliko sisi. Hapa nijibu wanaosema kwamba tunajivunjia heshima mbele yao. Wanakuja kiwanjani, wananiinamia, "Shikamoo bibi," nami naitikia. Dakika mbili baadaye mtoto huyo huyo ananinyooshea kidole, "Bibi umekufa! Toka!" Natoka. Mchezo ukiisha ananibebea kiti changu hadi mlangoni bila kutumwa. Heshima yake sijaona ilipopungua. Nimeona kilichoongezeka: wananisimulia mambo ya shule ambayo zamani walikuwa hawanisimulii, na mmoja alinieleza jambo zito la nyumbani kwao, ambalo tulilipeleka kwa wahusika na likashughulikiwa. Sidhani angemwendea bibi wa kumwamkia tu.

Tunaye bibi mmoja aliyepita miaka sabini. Hakimbii. Tunamwekea kigoda upande wa warushaji, na mkono wake haukosei. Anasema aliuzoesha mkono huo akiwatupia mawe tumbili waliokuwa wakiiba mahindi ya baba yake. Nimewaona vijana wa bodaboda wakisimamisha pikipiki zao kumtazama, na si kwa kumcheka.

Wapo waliotaka kututetea kwa wema. Walituambia, semeni ni mazoezi. Nunueni fulana zinazofanana, tafuteni jina, kisha hakuna atakayewasumbua. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye pia mazoezi ya kujenga mizani ya mwili. Mimi mwenyewe nina presha na daktari aliniambia nitembee. Nawapenda wale wanaokimbia alfajiri barabarani kwa vikundi, wakiimba. Lakini sikubali jina hilo. Tukisema ni mazoezi, tutaanza kuhesabu dakika. Tutamwambia bibi wa kigoda kwamba hachomi mafuta ya kutosha. Yule aliyekuja kwa ajili ya kicheko ataona kicheko chake hakimo kwenye ratiba. Afya ikipatikana, Mungu ashukuriwe. Tunacheza kwa sababu ni kutamu, na hiyo ni sababu kamili.

Tena tazameni jinsi tunavyowaruhusu watu wazima wacheze pale panapokuwa na mtu wa kuwapa kibali. Watumishi wa serikali wana michezo yao ya SHIMIWI. Humo watu wenye vyeo, wenye magari na madereva, wanavaa jezi na kuvuta kamba, wanacheza bao, karata na drafti, na vyombo vya habari vinatangaza washindi. Nawapongeza, na wazidi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipenda bao na hakuna aliyemwona hovyo. Hapa kwetu, tangu mwaka 2003 tuna mbio za Kilimanjaro Marathon. Siku hiyo, mbali na wale wa kilomita 42 na 21, barabara zinajaa watu wa kilomita 5 waliokuja kujifurahisha tu, mababa na matumbo yao, mama amembeba mtoto mgongoni, watu wamejipaka rangi usoni, wengine wanacheza muziki kando ya njia. Mji mzima unakuwa mtoto kwa asubuhi moja. Na treni ya abiria ilipofika tena Moshi Desemba 2019, baada ya miaka zaidi ya ishirini bila treni ya abiria, niliona wazee wenye makoti wakiikimbilia na kuipungia mikono kwa nguvu zao zote. Hakuna aliyewauliza wanapata nini kwa kupunga.

Kwa hiyo ile hamu tunayo wote. Kilichopungua ni ruhusa, na kwa mwanamke wa kawaida ruhusa ilipungua zaidi. Wanaume wana vijiwe vya drafti, wana meza za puli, wana timu za maveterani. Mama akisimama dakika tano anaulizwa kama chakula kimeiva. Mjumbe mwingine alisema pale mkutanoni kwamba wanaocheza ni wasio na kazi. Angekuja aone nani hufika wa kwanza. Ni mwenzetu anayeuza ndizi, ambaye siku za wiki huwa yuko soko la Mbuyuni kabla jua halijachomoza, akipokea mikungu kutoka milimani. Aliyechoka kuliko wote ndiye anayetuharakisha.

Kijana wangu wa chuo (ada ilipatikana hatimaye) aliniletea habari za mtafiti mmoja wa Marekani, Jaak Panksepp, nami nazitaja kwa sababu zilinigusa. Huyu katika miaka ya 1990 alichunguza panya wa maabara. Aligundua kwamba wanapocheza wao kwa wao, na hata wanapotekenywa na mkono wa binadamu, hutoa sauti nyembamba sana, zenye mitetemo kama 50,000 kwa sekunde, wakati sikio la mtu huishia kama 20,000. Yeye na wenzake walizisikia kwa kifaa cha kunasia sauti za popo, naye akaamini kwamba ni aina ya kicheko. Jambo jingine aliloliona ni kwamba panya mdogo akitengwa asicheze, siku akirudishiwa mwenzake hucheza zaidi ya kawaida, kama mtu anayekusanya deni lake. Niliposikia hilo niliwafikiria kina mama wa kikoba chetu wanavyorukia kile kiwanja. Wamekaa miaka thelathini, arobaini.

Sheria nazo nimezitazama. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unamtaja mtoto kwamba ana haki ya kupumzika na kucheza. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linampa kila mtu haki ya mapumziko na starehe. Kwa watu wazima neno kucheza halimo. Nadhani walioandika waliona mtu mzima akishalala na kuangalia jua likizama inamtosha. Mimi hainitoshi. Mwili wangu ukipumzika, kichwa kinaendelea kushona.

Nina jambo moja linaloniuma katika haya yote, na kwa kweli ndilo lililonikalisha chini niandike. Mwenzetu mmoja ameacha kuja. Kaka yake alimwita akamwambia anauaibisha ukoo, kwamba watu wamemwona pekupeku akipiga kelele na vitoto. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, mjane, anauza mitumba soko la Memorial, na katikati ya rede alikuwa hodari kutuzidi sote. Alikuwa akijaza chupa huku mpira ukimkosa kwa kiasi cha unywele. Bado analeta hisa zake za kikoba. Akishalipa anachukua mkoba wake na kuondoka, na hageuki kutazama kiwanjani. Kaka yake namheshimu, na nikimkuta nitamwambia haya haya ninayoyaandika: dada yako hakufanya kosa lolote. Alifurahi hadharani. Kama kuna mtu aliyepata hasara kwa furaha ile, amtaje.

Sasa kuhusu kiwanja. Naomba uongozi wa mtaa urudishe ajenda hii mkutanoni na safari hii usikilize upande wa wanaokitumia. Vibanda vinaweza kutafutiwa nafasi kando ya barabara kuu, ambako ndiko wateja wanakopita. Bajaji zinahitaji kituo karibu na abiria, na nyuma ya nyumba zetu hakuna abiria. Mahali pa kukimbia hapatafutiki tena pakishajengwa, na mtaa wetu hauna kiwanja kingine. Hatuombi fedha. Hatuombi taa wala uzio. Mawe makubwa mawili yaliyo upande wa mashariki tutayaondoa wenyewe, vijana wameahidi kusaidia. Kuhusu usafi, ambao ndio unaoupa mji wetu sifa, waje wakague Jumapili saa kumi na mbili na nusu: mchanga tunausawazisha, chupa tunaondoka nazo.

Na kwa wanaume waliouliza kama nao wanaweza kuingia, jibu ni ndiyo, ila waelewe kwamba waamuzi ni watoto na uamuzi wao haukatiwi rufaa. Mzee wangu wa nyumbani hajawahi kuja, sijamlazimisha. Jumapili hubandika chai mwenyewe nikute imeiva, na kwangu hilo ni kubwa.

Mama yeyote wa hapa Moshi anayesoma barua hii, ambaye ana soksi zisizo na mwenzake, azilete kibarazani kwangu. Mafundi wote wa karibu na soko wananifahamu kwa mipira sasa. Akitaka kucheza, tunaanza saa kumi na nusu. Avae nguo asiyoionea huruma na ajifunge kanga vizuri. Na yule mwenzetu wa Memorial, akilisoma gazeti hili, ajue nafasi yake ya katikati hatujampa mtu.

Fundi cherehani,
Moshi, Kilimanjaro